Kutoka kero hadi kifaa: mwongozo kamili wa kumlea kijana abuni kwa mikono yake

Agosti, mahindi yakishakauka, pita uani kwa watu huku Ngaramtoni, Arusha, utasikia ule mlio wa punje zikidondokea kwenye sinia. Akina mama na watoto wamekaa juu ya viroba wanapukuchua kwa mkono. Dole gumba linasukuma mstari wa kwanza wa punje, kisha wa pili, gunzi linatupwa pembeni, linachukuliwa hindi jingine. Debe la kwanza likijaa, dole gumba limekuwa jekundu. La tatu likijaa limechubuka, na lundo bado linakutazama.

Jumamosi huwa nakaa na vijana wa mtaani kwetu, wengi wao wa darasa la sita hadi kidato cha nne, tunatengeneza vitu. Mwanzoni nilikuwa nawaambia, "Haya, kila mtu abuni kitu." Mmoja anachora roketi, mwingine roboti, na Jumamosi inayofuata hawaji. Nilichokuja kuelewa ni kwamba kijana habuni kwa kuamriwa. Anabuni akikaa karibu na kazi ya mtu mpaka kazi hiyo imuume na yeye. Mwongozo huu wote umesimama hapo.

Nitautembeza kwa kifaa kimoja: pete ya kupukuchulia mahindi, inayotengenezwa kwa kipande cha bomba. Nimeichagua kwa sababu vifaa vyake ni vya kuokoteza, inamalizika kwa Jumamosi tatu au nne, na ikiwa na kosa, kosa linaonekana palepale mbele ya macho. Si kitu kipya duniani. Watu wametengeneza pete za namna hii kwa mbao na kwa bati miaka mingi. Kijana akikuuliza, mwambie ukweli. Asipouliza, mwache aifikie mwenyewe, maana aliyeifikia mwenyewe ndiye atakayejua kuirekebisha.

Kabla ya kuwaita

Tafuta msumeno wa chuma, drili ya mkono au ya umeme yenye bitsi ya milimita 5, tupa, msasa, spana namba 10, rula na jiliwa, yaani kibano cha mezani cha kushikilia bomba. Huna jiliwa? Ubao wenye mtaro na kamba ngumu ya kufungia bomba vinatosha. Kwa kila pete unahitaji kipande cha bomba gumu la plastiki lenye tundu la karibu milimita 50, bolti nne za milimita 6 zenye urefu wa milimita 25 na nati zake, na ukanda wa tyubu ya baiskeli iliyokufa. Vipande vya bomba waombe mafundi bomba. Vile vifupi hawana kazi navyo. Tyubu utapewa na fundi baiskeli yeyote.

Wachukue vijana wanne, si kumi. Wakiwa kumi, watatu wanafanya kazi na saba wanaangalia, na mara nyingi wanaoangalia ni wasichana. Hili lisimamie tangu siku ya kwanza: anayeshika drili leo, Jumamosi ijayo anashika daftari.

Usalama ni mambo machache lakini hayana mjadala. Miwani machoni wakati wa kutoboa. Glavu zisivaliwe kwenye drili ya umeme, kwa kuwa bitsi ikizikamata inavuta mkono. Na bomba la plastiki lisichomwe moto ili lilainike, moshi wake ni sumu.

Hatua ya kwanza: kaeni na mwenye kazi

Jumamosi ya kwanza hamgusi zana hata moja. Mnakwenda kwa mtu anayepukuchua, mnasalimia, mnaomba kumsaidia.

"Shikamoo mama. Tumekuja tukusaidie kupukuchua, na tunaomba tukuulize maswali."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mnaogopa vumbi?"

Sharti langu ni kwamba kila kijana apukuchue mpaka kidole kimuume. Hapo ndipo maswali ya kweli yanapoanza, kwa kuwa kabla ya maumivu wanauliza maswali ya shule: unalima ekari ngapi, unapata magunia mangapi. Baada ya maumivu wanauliza: mbona wewe unaenda haraka kuliko mimi?

Mwaka mmoja swali hilo lilitufungulia mlango. Binti wa kidato cha pili alikuwa amekaa mkabala na mama mwenye nyumba, akaacha kupukuchua, akawa anatazama tu. Nilitaka kumwambia aendelee, nikanyamaza. Baada ya muda akasema, "Mama hasukumi kama sisi." Tukatazama wote. Mama alikuwa akichukua hindi, anang'oa mistari miwili ya punje kwa ncha ya bisibisi ya zamani, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndipo anaweka dole gumba, na anasukuma punje kwa ubavu, zielekee kwenye ule mfereji alioufungua. Hasukumi kuelekea ndani ya gunzi. Punje zinaanguka zenyewe kwa makundi.

Siri yote ya kazi iko hapo. Punje ya hindi kavu haishikwi sana na gunzi. Inashikwa na jirani zake. Mwondolee jirani mmoja, na yeye anaanguka. Kifaa chochote kizuri cha kupukuchulia kinafanya hivyo, kinasukuma punje kwa ubavu. Hakuna kitabu kilichomwambia yule binti. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye mkono unaojua.

Kwenye daftari waandike mambo haya: mahindi kumi yanachukua dakika ngapi, mkono wa kulia unafanya nini na wa kushoto unafanya nini, kinachomfanya mama asimame (kukunja mgongo, kupuliza makapi, kuokota punje zilizoruka), na maneno yake kama alivyoyasema. Wasiyasahihishe maneno hayo. "Kidole kinawaka" ni taarifa bora kuliko "changamoto za uzalishaji".

Hatua ya pili: andikeni kero kwa sentensi moja

Sentensi hiyo isitaje kifaa. "Tunataka mashine ya kupukuchua" ni jibu lililojivika nguo za swali. Vijana wangu waliandika: "Mama anachubuka kidole akizidi debe moja, na hataki punje zipasuke kwa sababu anazihifadhi hadi Machi." Nusu ya pili ya sentensi hiyo iliondoa mezani wazo la kuyapiga mahindi kwa fimbo ndani ya gunia. Punje iliyopasuka ni mlango wa wadudu na ukungu, na ukungu wa mahindi unaweza kuleta sumukuvu.

Hapa huwa nawafundisha pia kupima ukavu, kwa kuwa hindi bichi litaiharibia sifa pete yoyote. Chukua chupa kavu ya kioo, weka punje mpaka theluthi moja, ongeza chumvi kavu vijiko viwili, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji mengi, zaidi ya asilimia 15 hivi. Yarudishwe juani.

Hatua ya tatu: pimeni kabla ya kuchora

Chukueni mahindi kumi bila kuchagua, yapimeni unene katikati. Yapukuchueni, kisha pimeni magunzi yale yale. Msipokuwa na kipimo maalumu, simamisheni vitabu viwili vigumu mezani, hindi katikati, rula juu.

Tuseme magunzi yenu yana unene wa milimita 28, na tundu la bomba ni milimita 50. Mnataka ncha za bolti ziguse gunzi bila kulichimba. Hamsini toa 28 ni 22; gawanya kwa mbili, kwa kuwa bolti zinatoka pande zote, unapata 11. Kila bolti ijitokeze milimita 11 ndani ya bomba. Mwachie kijana afanye hesabu hii mwenyewe hata kama atachukua nusu saa. Nimewaona watoto walioambiwa hawajui hisabati wakikokotoa hii na kuirudia mara mbili ili wahakikishe, kwa sababu safari hii jibu likiwa na kosa, hindi halitapita.

Hatua ya nne: mawazo mengi, kisha karatasi

Kila mmoja achore mawazo matatu kwa robo saa, na robo saa hiyo hakuna kumcheka mtu wala kumkosoa. Naweka mkazo kwenye kutocheka, na sababu yangu ni Erasto Mpemba.

Mwaka 1963, Mpemba akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa. Utaratibu ulikuwa kuyaacha yapoe kwanza. Yeye akaogopa kukosa nafasi kwenye friji, akayaweka ya moto, na yakaganda mapema kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia kwa nini ya moto yaliwahi kuganda kuliko yaliyopoa, aliambiwa amechanganyikiwa, na darasani "fizikia ya Mpemba" ikawa kichekesho. Baadaye, akiwa Sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile Denis Osborne, mwanafizikia aliyetoka Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakacheka tena. Osborne aliporudi chuoni akataka lijaribiwe. Mwaka 1969 walichapisha makala pamoja, wakati huo Mpemba anasoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapo juu ya Moshi. Leo duniani kote linaitwa jambo la Mpemba, na wanasayansi bado wanabishana juu yake. Miaka sita ilipita kati ya swali na makala, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa ya kuchekwa.

Mkishachora, chagueni mawazo mawili na myatengeneze kwa manila na gundi. Mfano wa karatasi haupukuchui kitu, ila unaonyesha kama mkono unaingia, kama hindi linapita, kama kidole kinabanwa. Ukiharibika, hakuna anayeumia roho.

Hatua ya tano: kukata na kutoboa

Kata bomba urefu wa sentimita 8. Ili mkato unyooke, zungushia bomba karatasi ya manila mpaka kingo zake zikutane sawasawa, chora mstari ukifuata ukingo, kata taratibu huku ukizungusha bomba. Lainisha kingo zote kwa msasa, ndani na nje, kwa sababu mkono utashika hapo siku nzima.

Kugawa duara mara nne kunawasumbua wengi, na njia yake ni nzuri kuifahamu. Kata ukanda wa karatasi unaozunguka bomba mara moja kamili, bila kuzidi wala kupungua. Uvue, ukunje katikati, ukunje tena. Ukiukunjua una mikunjo inayoonyesha robo nne zilizo sawa. Uvishe tena kwenye bomba, weka alama kwenye kila mkunjo na pale ncha za ukanda zinapokutana, sentimita mbili na nusu kutoka ukingo mmoja wa bomba. Hakuna hesabu ya duara iliyotumika, na hakuna anayekosea.

Funga bomba kwenye jiliwa, si kwa nguvu ya kulipinda. Toboa matundu manne kwa bitsi ya milimita 5. Tundu liwe dogo kuliko bolti kwa makusudi, ili bolti ijikatie yenyewe mitaro ya nyuzi zake ndani ya plastiki. Kabla ya kuingiza bolti, viringisha ncha zake kwa tupa mpaka ziwe kama ncha ya kidole. Ncha kali inakata punje. Ncha ya mviringo inaisukuma, kama dole gumba la yule mama. Vika nati kwenye bolti, ingiza bolti kwenye tundu, kaza kwa spana, na ikifika pale mnapotaka kaza nati dhidi ya bomba ili isirudi.

Bolti ya kawaida ya milimita 6 huingia milimita 1 kwa kila mzunguko mmoja. Waambie vijana hili, halafu wape spana. Wataanza kuhesabu mizunguko kwa sauti na kugundua kuwa wameshika kipimo mkononi.

Hindi linaingizwa kwa upande mwembamba, mkono mmoja umeshika pete, mwingine unazungusha hindi kwenda na kurudi huku unalisukuma.

Hatua ya sita: mpeni mwenye kero, mkae kimya

Wengi huharibu hapa. Kijana anampa mama kifaa na papo hapo anaanza kueleza: shika hivi, zungusha hivi, usisukume. Mkataze. Aweke pete juu ya meza, aseme "karibu mama", afunge mdomo, afungue daftari. Mtu anavyokishika kifaa mara ya kwanza ndivyo kifaa kinavyosema.

Pete yetu ya kwanza mama aliishika kinyume, akaingiza hindi upande usio na bolti karibu, likagoma katikati. Hilo si kosa la mama. Pete inayofanana pande zote mbili haisemi iingizwe wapi. Mahindi manene yalikataa kuingia kabisa, na membamba yakapita na nusu ya punje zake. Kijana aliyeichora alikuwa karibu kulia. Nikamwomba aandike mambo matatu tu: yapi yamekataa, yapi yamepita na punje, na punje ngapi zimepasuka katika kila mia alizohesabu kwenye sinia. Kazi ya kuhesabu punje ilimtuliza, na alipomaliza kuhesabu alikuwa ameshaanza kuwaza.

Hatua ya saba: rudieni, mara nyingi kuliko mnavyotaka

Toleo la pili lilipakwa rangi nyekundu upande wa kuingizia. La tatu lilikuwa na bolti zilizorudishwa nje mzunguko mmoja, na lilikuwa baya zaidi kwa mahindi membamba. Hapo wakakwama wiki nzima.

La nne lilitoka kwa mvulana ambaye kaka yake ni fundi baiskeli. Alikata bomba ufa mmoja kwa urefu wake wote, katikati ya bolti mbili, kisha akalizungushia ukanda wa tyubu mara kadhaa juu na chini ya bolti. Hindi nene likiingia, ufa unafunguka. Likiisha, tyubu inaurudisha. Kwa kuwa sasa pete inajibana yenyewe, waliziingiza bolti ndani kidogo kuliko ile hesabu ya 11. Mahindi manene na membamba yakapita pete ile ile.

Kila toleo lipewe namba, liandikwe tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na lisitupwe. Sisi tumeyatundika kwenye msumari ukutani. Mgeni akija, vijana wanaanza kumwonyesha la kwanza.

Kazi yako wewe mkubwa

Nunua bitsi, lete chai, linda vidole vyao, na ujizuie kutoa majibu. Kijana akikuuliza "hii itafanya kazi?", mjibu "tutajuaje?" Akikuletea kitu kimeharibika, muulize kilianza kuharibikia wapi. Mzazi akilalamika kwamba mwanawe anafungua redio badala ya kusoma, kaa naye umwonyeshe lile daftari lenye hesabu. Lakini betri za simu zisifunguliwe kamwe, zinawaka moto.

Wape pia watu wa kuwatazama, wa hapa hapa. Bernard Kiwia, fundi wa Arusha aliyeanzia kwenye baiskeli, alitengeneza chaja ya simu inayoendeshwa kwa baiskeli kwa kutumia vipuri vya zamani, na ni mmoja wa waanzilishi wa karakana ya ubunifu ya Twende. Dk. Askwar Hilonga wa Chuo cha Nelson Mandela kilichopo Tengeru alibuni kichujio cha maji kinachoweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika, na mwaka 2015 alikuwa wa kwanza kushinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Sisi tunaoishi na maji yenye floraidi, madini yanayoharibu meno, tunaelewa wazo hilo lilitoka wapi.

Kifaa kikishakomaa, Arusha ina taasisi mbili za serikali: CAMARTEC kwa zana za kilimo na teknolojia za vijijini, na TEMDO kwa usanifu wa mashine. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo Arusha na Moshi pia. Mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019, yana nafasi ya wanafunzi na ya wabunifu wasiotoka kwenye mfumo rasmi. Na mkiwa na kitu ambacho kweli hakijawahi kuonekana, nendeni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kuuliza habari za hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, kabla ya kukionyesha hadharani, kwa sababu kukionyesha mapema kunaweza kuwaharibia haki hiyo. Pete yetu haihitaji hataza. Yeyote anayetaka na aitengeneze.

Ile ya nne tulimwachia mama kwa wiki mbili. Tuliporudi, alikuwa ameizungushia kipande cha kitenge na kukishona kwa uzi wa kiroba, akasema plastiki inateleza mkono ukitoka jasho. Vijana walitazamana, mmoja akatoa rula akapima upana wa kile kitambaa. Toleo la tano lina kitenge.